CD Iliyolinda Wimbi

Mimi nina hasira za karibu, na mke wangu Nasambu anajua. Kwa hiyo Alhamisi ile ya Julai 2008 aliponiuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Baba Emmy, ile skrini nyeusi ya kuchagua iko wapi?" nilijua nimekosa kabla ya kujua kosa lenyewe.

Nyumbani kwetu Kitale tulikuwa na kompyuta moja kuukuu, tuliyoinunua kutoka shule ambako Nasambu alikuwa sekretari miaka ishirini na miwili. Ndani yake kulikuwa na mifumo miwili. Ukiiwasha, inakuletea kwanza skrini nyeusi yenye maandishi meupe: chagua Windows ama chagua Ubuntu. Windows ilikuwa yangu, ya kucheza karata. Ubuntu ilikuwa yake. Ilikuja bure kwa posta kutoka ng'ambo, ndani ya CD, akaiweka mwenyewe akifuata daftari lake. Alisema huko virusi vya flash disk za watu havimfuati. Mimi skrini hiyo ilinikera. Kwa nini mashine iniulize kila asubuhi nataka nini, kwani ni weita wa hoteli?

Basi wiki hiyo Windows yangu ikashikwa na virusi, Nasambu akiwa kwa dadake Moi's Bridge. Nikamwita Ngari, fundi wa mtaani, akaweka Windows upya. Nikamwambia, "Na hiyo takataka nyeusi, usiirudishe." Ilikuwa imetoweka yenyewe tayari. Nikamshukuru na chai nikampa.

Haya yote yangeishia kwa kelele za mume na mke, lakini asubuhi hiyo ya Alhamisi simu ilikuwa imetoka Bungoma. Binti yetu Emmy alikuwa amechumbiwa na Nyongesa, mwalimu, mtu wa ukoo wa Babuya. Wazee wa pande zote walikuwa wakutane Jumamosi kwenye boma letu kule. Sasa Mzee Wepukhulu, binamu mdogo wa marehemu baba yangu, alikuwa ameapa hakuna ndoa. Alisema nyanya yangu Nasimiyu, aliyemzaa baba, alikuwa pia binti wa Babuya. Sisi hatuoani na ukoo wa nyanya, na wazee wetu huhesabu hata nyanya wa baba. Hapo huna la kusema.

Nyanya alifariki kabla sijazaliwa. Aliyejua ukweli wake ni mama yangu, Nabwile, aliyeolewa hapo nyanya akiwa hai, na yeye tulimzika mwaka uliotangulia. Lakini msimu wake wa mwisho wa mvua alikaa nasi Kitale, na kila alasiri alisimulia huku Nasambu akipiga chapa: nani alizaliwa wapi, nani aliolewa na nani, mahari ilikwenda kwa nani. Kurasa arobaini. Zote zilikuwa upande wa Ubuntu, na hakuna hata moja iliyokuwa imetolewa kwenye karatasi.

Emmy alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Niliona haya hata kumtazama.

Nasambu akampigia Ngari. "Mama, hiyo kitu ilienda kabisa," fundi akasema.

"Mwanangu, ulifuta diski yote ama ulifuta upande wa Windows?"

"Ya Windows tu."

Akamshukuru, akakata simu. "Basi nyumba iko," akaniambia. "Mmeziba mlango tu. Nipe CD yangu ya Ubuntu niingie nayo, nilikuwa nimeiweka kwa droo."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwezi wa sita ndege walikuwa wanamaliza wimbi langu, nami nikafanya walivyofanya majirani: nilichukua CD zote kwenye droo, nikazitundika shambani kwa kamba ili zing'ae juani na kuwatisha.

"Iko kazini," nikasema.

"Kazi gani?"

"Inalinda wimbi."

Alivaa gambuti akaingia shambani, mimi nyuma yake kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Kulikuwa na CD sita, yake ilikuwa ya tano. Ilikuwa na mikwaruzo kila mahali, na katikati, kumbe ndege walikuwa wamemnyea askari wao mwenyewe.

Kesho yake, Ijumaa, aliiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akaipangusa kwa leso laini, akaitia kwenye mashine. Ikakoroma, maandishi yakapita kidogo, yakakwama. Akajaribu tena, yakakwama palepale. Nilifungua mdomo niseme tuachane nayo. Akanitazama, nikaufunga. Akaomba dawa ya meno, akaipaka kwenye mikwaruzo, akaisugua polepole kwa kidole, akaosha tena. Mara ya tatu maandishi yalifika pale pa kukwama, yakapita. Tulingoja dakika kumi hivi, kisha skrini ya kahawia ya Ubuntu ikafunguka.

Aliingia kwenye diski kupitia ile CD, na kurasa za mama zilikuwepo, zote arobaini. Emmy akaacha kazi za jikoni akaja kusimama nyuma yetu, analia. Mimi nikadhani kazi imekwisha.

"Bado," Nasambu akasema. "Mimi siwezi kuwa naingia kwangu kwa dirisha."

Akafungua daftari, akaandika kwenye kompyuta mistari minne ya amri, kila mmoja akiusoma mara mbili kabla ya kubonyeza. Akatoa CD, akazima, akawasha. Ile skrini nyeusi ikaja, ikatuuliza tunataka nini. Sijawahi kufurahia swali namna hiyo. Nilipiga makofi peke yangu pale chumbani. "Wacha wazimu," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Jumamosi tulikuwa Bungoma. Wazee walikaa kwenye viti vya plastiki, Nasambu akasimama na kurasa za mama, alizozitoa kwenye karatasi jioni ya Ijumaa.

"Tangu lini ukoo ukasomwa kwa mashine?" Mzee Wepukhulu akasema. "Mashine bana, ukiigonga inaandika chochote."

"Ni kweli, baba," Nasambu akajibu, ameinama kidogo kwa heshima. "Mashine haikuona. Aliyeona ni Mama Nabwile. Niruhusuni nisome maneno yake, mkiyakataa nitakaa."

Wakamruhusu. Akasoma kwamba Nasimiyu alizaliwa Malakisi, katika ukoo wa Bakhone. Baba yake alipofariki alilelewa na mjomba wa Babuya, ndiyo maana watu walimwita wa huko. Alipokufa yeye mwenyewe, mwaka wa 1948, dume la mwisho la ng'ombe wa mahari yake lilikuwa halijatolewa, na kwa mila yetu lilipaswa kutolewa kabla hajazikwa. Lilipelekwa Malakisi, kwa ndugu za baba yake, Bakhone.

"Aliyeshika kamba," Nasambu akasoma, "alikuwa mtoto Wepukhulu, wa miaka tisa. Dume lilimkanyaga mtoni, akalia mpaka Malakisi, na kidole chake cha mwisho cha mguu wa kushoto hakijanyooka hadi leo."

Boma zima likatazama ndara za mzee. Kidole kilikuwa pale, kimepinda. Akaurudisha mguu chini ya kiti, lakini tulikuwa tumeshaona.

"Ni Malakisi," mzee akasema. "Ni kwa Bakhone. Kidole nilikikumbuka, safari ndiyo nilisahau." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Kisha akamuuliza Nasambu, "Nabwile alisema nini kingine juu yangu?"

"Kurasa tatu, baba."

"Hizo usisome," akasema, na akamgeukia Nyongesa kumuuliza harusi ni lini.