Mwacheni Mama Achomoe Waya

Meneja alitaka nisaini barua inayosema kwamba karani wa mzani ameharibu kompyuta kwa ushirikina. Niliisoma mara mbili, nikairudisha mezani kwake bila saini.

Kiwanda chetu cha kuchambua pamba kilikuwa nje kidogo ya mji wa Bariadi, miaka kadhaa baada ya soko kufunguliwa na wanunuzi binafsi kuchipuka kila kona. Tajiri wetu alileta mzani wa umeme unaounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Mimi, binti niliyejifunza programu kwa vitabu vya kuazima, nikapewa kazi ya kuandika draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuongea na mzani. Niliiandika, ikafanya kazi, nikavimba kichwa.

Karani mwenyewe alikuwa mama wa makamo kutoka Sapiwi, mwenye wajukuu wanaomtegemea yeye tu. Kwake, kama kwetu sote tuliokulia Usukumani, radi haina mzaha. Wingu likinguruma kioo kinafunikwa kanga, nguo nyekundu inavuliwa, hakuna anayegusa chuma. Msimu ule mvua ziliwahi, na kila wingu liliponguruma mama alichomoa waya wa mzani palepale, kompyuta ikiwa kazini. Na kila alipochomoa, kompyuta nzima iliganda, foleni ya mikokoteni ikafika barabarani.

Mara ya tatu meneja, mtu wa mjini, akaamua kumfukuza. Akataka mimi, mtaalamu, nithibitishe.

"Mwongozo unasema zima kwanza, ndipo uchomoe," aliniambia. "Yeye anafuata mambo ya bibi yake."

"Bosi, radi ikipita kwenye ule waya itaunguza mzani na yeye mwenyewe. Amefanya sawa."

"Kwa hiyo nani kakosea?"

Jibu nilikuwa nalo tangu juzi yake. "Mimi."

Kosa lenyewe halikuwa na uchawi wowote. Programu ya kupimia ilikuwa muda wote inasubiri uzito kutoka kwa draiva. Waya ukichomolewa, draiva yangu ilifuta papo hapo kumbukumbu yote ya mzani, yaani nafasi ndani ya kompyuta inayoshika taarifa zake, bila kuangalia kama kuna anayeitumia. Ile programu ikizinduka inanyoosha mkono mahali ambapo hapapo tena, na mfumo mzima unaanguka nayo. Nilikuwa nabomoa nyumba mgeni akiwa bado ndani, halafu mama wa watu ndiye anabebeshwa lawama.

Niliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira. Tangu lini chombo kikatengenezwa kwa ajili ya watu wasiochomoa? Watu watachomoa. Ng'ombe wa mkokoteni atajikwaa kwenye waya, panya atautafuna. Draiva isiyolijua hilo ni mbovu, hata mwandishi wake awe na vyeti ukuta mzima. Nikaandika barua yangu mwenyewe, kwamba kosa ni la draiva niliyoiandika mimi, nikasaini na kuomba siku mbili.

Sasa waya ukitoka, draiva ingeanza kwa kuandika kwamba mzani haupo, na kukataa maombi mapya. Kisha ingemwamsha kila mgeni, yaani kila programu inayosubiri uzito, na kumwambia ukweli, asisubiri bure. Kumbukumbu isingefutwa mpaka wa mwisho aondoke, kwa hiyo niliweka hesabu ya waliomo. Jaribio la kwanza liligoma, kwa sababu niliwaamsha kabla ya kuandika kwamba mzani haupo, nao wakarudi kusubiri. Nikageuza mpangilio.

Siku ya tatu nilimwita meneja mbele ya makarani wote, nikamwambia achomoe yeye mwenyewe. Akachomoa kwa jazba, gunia likiwa bado juu ya mzani. Skrini ikaandika: "Mzani haupo." Akarudisha waya, uzito ukasomeka. Akachomoa tena, na tena, anatafuta kosa, jasho linamtoka. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi anamtazama, mikono mapajani.

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "ukisikia wingu, chomoa. Usimwombe mtu ruhusa."

"Hata ungenikataza ningechomoa, mwanangu," akajibu, na wenzake wakacheka. Meneja hakucheka.

Mama alibaki na kazi yake. Mimi, msimu ulipokwisha, mkataba wangu haukuendelezwa. Meneja aliniita ofisini, akaitoa barua yangu kwenye faili na kunisomea kwa sauti, polepole, kwamba kosa ni la draiva niliyoiandika mimi. Akauliza kama nina la kuongeza.

Nikasema ninalo. Nikachukua kalamu yake mezani, nikaandika chini ya saini yangu: nimelirekebisha.