Opereta wa Kioo Cheusi

Ukipiga simu hospitali ile ya mjini, wa kwanza kukupokea ni yeye, na kabla hujamaliza kujieleza keshajua unamtafuta nani. Wenzake humwita Sauti. Wengi wanaoijua sauti hiyo hawajui kwamba mwenyewe haoni, na hajaona tangu azaliwe. Wala hana haja ya kuwatangazia. Aliyepiga simu anataka wodi ya wazazi, hataki historia ya macho ya mtu.

Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye swichibodi ya zamani ya kuunganishia simu, lidude la chuma lenye vitufe vilivyolainishwa na vidole vyake mwenyewe. Kisha hospitali ikaleta kompyuta. Simu zote zipitie humo, na ujumbe wote uandikwe humo. Vibarua wakalibeba lile lidude kwenye toroli, Sauti akasikiliza magurudumu yakipotea koridoni.

Mkuu wa utawala, mtu mpole anayependa kila kitu kiwe mahali pake, akamwita ofisini.

"Dada, kazi hii sasa ni ya kutazama kioo cha kompyuta," alisema. "Tutakuhamishia chumba cha kufulia, ukunje mashuka. Mshahara ni uleule."

Sasa niambieni ninyi: mtu aliyewaunganisha nusu ya mji na madaktari wao, leo akakunje mashuka? Si kwamba kukunja mashuka ni aibu, kazi ni kazi. Lakini kila mtu ana pale ambapo mikono yake na akili yake hukutana, na kwa Sauti ni kwenye simu. Akajikaza kisabuni.

"Bosi, nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nikishindwa nitayakunja, tena nitayakunja vizuri."

Mkuu akakubali, shingo upande.

Fundi wa kompyuta, binti mmoja mcheshi, akamwekea programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo, ikimnong'oneza kupitia vipokea sauti vya masikioni. Kiswahili cha ile programu kilikuwa cha mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Sauti alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaanza kujifunza. Alikosea, tena si kidogo. Siku ya kwanza alimuunganisha mume wa mjamzito na daktari wa meno, na wale wawili wakaongea kitambo kabla ya kushtuka. Akarudia. Alipoizoea sauti ile akaiongeza kasi, kesho akaongeza tena, mpaka maneno yakawa yanaruka kama bisi kwenye sufuria. Mwenyewe aliyadaka yote.

Sasa kuna jambo moja kuhusu nyumba aliyolelewa. Mama yake alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: zima usichotumia. Taa ikiwaka kwenye chumba kisicho na mtu, nyumba nzima ilisomewa mashtaka. Na kwa kuwa Sauti hakuwa na shida na giza, ndiye aliyepewa ukaguzi. Tangu utotoni alipita chumba kwa chumba akipapasa swichi, na ole wake ndugu aliyeiacha imewashwa. Mkono uliolelewa hivyo hauachi. Kila asubuhi kazini aliwasha kompyuta, akavaa vipokea sauti vyake, kisha akabonyeza kitufe cha kioo na kukizima. Mashine yenyewe iliendelea kuunguruma chini ya meza.

Mlango wa chumba chake una kidirisha, na macho hayana pazia. Mkuu wa utawala alipita asubuhi akachungulia: kioo cheusi, na Sauti kajifunika masikio, anatikisa kichwa. Kesho yake ni vilevile, na siku iliyofuata pia. Roho ikamuuma. Akaamini kwamba dada wa watu kashindwa, anaona haya kusema, na sasa anajiliwaza kwa muziki. Kumkabili mwenyewe akashindwa. Akachukua simu yake ya mfukoni, akampigia mama mtu.

Mama akaja, mwembamba wa mwili, mnene wa maneno. Akaketi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwanangu anakaa mbele ya mashine iliyozimwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Nimeona kwa macho yangu."

"Na simu zinapokelewa?"

Hilo mkuu hakuwa amelifikiria.

"Basi twende tukamwone," mama akasema. "Tena kama kuna la kumwambia, mwambie yeye. Ni mtu mzima, ana kazi yake."

Wakaingia kimyakimya, wakasimama nyuma yake. Kioo cheusi tii. Sauti alikuwa anamtuliza mtu kwenye simu huku vidole vikikimbia kwenye vitufe. Mara simu ya mkuu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa, akasoma: "Bosi, wageni wa vifaa vya maabara wapo getini wanakungoja. Samahani, nimesikia viatu vyako, nilikuwa na mtu kwenye laini."

Akausoma tena. Akakitazama kile kioo, akautazama ujumbe.

Sauti akavua vipokea sauti. "Na hizo ndala nazijua. Shikamoo, mama. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Nimeitwa kukutazama."

Mkuu akaomba vile vipokea sauti, akavivaa. "Hii ni lugha gani?"

"Kiswahili, bosi. Kina haraka tu."

Mkuu akanyoosha mkono akawasha kioo. Simu zote za asubuhi zilikuwa hapo, zimepangwa, kila moja na ilikokwenda.

"Kwa nini ulikizima?"

"Kwani nani alikuwa anakitazama?"

Mama akakohoa kidogo. "Nimemlea hivyo," alisema, na kichwa kilikuwa juu.

Mkuu alicheka, na mgala muue na haki yake umpe, alijicheka mwenyewe. "Nisamehe, dada. Hapa ni pako. Mashuka yana wenyewe." Alipokuwa anatoka alirudi hatua moja, akakizima kile kioo.

Asubuhi ya pili yake programu ikamtajia Sauti namba ambayo haikuwahi kupiga hapo hata siku moja, kwa sababu mwenye namba aliamini simu ya kazini haichezewi. Ilikuwa ya mama yake.

"Naomba opereta," mama alisema, kwa sauti ya mtu asiyemjua.

"Ni mimi, mama. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeweka spika ya nje, majirani wapo hapa. Anza upya."

Sauti akaketi wima, akanyoosha kola ya blauzi yake.

"Hospitali, habari za asubuhi. Nikuunganishe na nani?"

Kisha akamsikia mama yake, mbali kidogo na simu, akiwaambia watu: "Huyo. Huyo ni wangu."