Mpinzani Aliyefungwa Miguu

Ukimshinda mbio mtu uliyemfunga miguu mwenyewe, utapanda jukwaani kupokea nini?

Nauliza kwa sababu katika kazi yetu ya kompyuta kubwa, zile zinazojaza ukumbi mzima, watu hupokea ushindi wa namna hiyo kila mwaka na kupigiwa makofi. Radka Sojková alikaribia kupokea wa kwake.

Radka ni binti wa mchimba makaa wa hapa Ostrava, nchini Cheki. Ana miaka hamsini na ushei, ulimi mkali, na sweta asiyoivua hata kiangazi kwa sababu ya baridi ya ukumbi wa mashine. Kwa miaka mingi aliandika programu ambazo wengine walizitungia makala na kwenda nazo kwenye makongamano, yeye akitajwa mwishoni kwenye shukrani. Safari hii makala ilikuwa yake. Ilieleza programu aliyoibuni ya kukokotoa jinsi maji yanavyopanda ndani ya migodi iliyofungwa chini ya mji wetu, na majaribio yalionyesha kwamba inaishinda kwa kasi programu mashuhuri ya zamani mara tisa. Kongamano likiikubali, angepewa kikundi chake mwenyewe. Likiikataa, angerudi kurekebisha programu za watu.

Siku ya mwisho ya kutuma makala huisha kwetu mchana. Kongamano husubiri mpaka siku iishe hata kwenye kisiwa cha mwisho duniani, na usiku wa manane wa huko ni wakati wa chakula cha mchana hapa. Kwa hiyo asubuhi ile tulikuwa tumetulia na maandazi yetu ya jibini, Radka akijaza kiambatisho: maelezo ya jinsi kila programu ilivyoandaliwa, ili mtu mwingine aweze kurudia jaribio.

Akaacha kutafuna.

"Vojta, hebu njoo," akaniita. "Niambie macho yangu yananidanganya."

Hayakumdanganya. Programu ya mpinzani ilikuwa imeandaliwa kwa mpangilio wa kutafuta makosa, ule unaoifanya ijikague kila hatua na kwenda polepole. Yetu ilikuwa imeachiwa ikimbie kwa nguvu zote. Radka alitumia mpangilio ule majira ya baridi, akasahau kuubadilisha.

"Tumemfunga miguu," nikasema.

"Mimi ndiye niliyemfunga. Wewe ulikuwa unakula."

Profesa Kubát, mkuu wa maabara, alipoitwa alisoma, kisha akafunga mlango. Huyu ndiye ambaye makala yake ya kuishinda programu nyingine "mara arobaini" imewekwa kwenye fremu koridoni, na hakuna mgeni anayepita bila kuonyeshwa.

"Sikiliza, dada yangu," akasema. "Andika tu 'mpangilio wa kawaida'. Wahakiki hawana muda wa kurudia kila kitu. Nusu ya ukumbi wa kongamano wanafanya hivyo."

"Basi nusu ya ukumbi ni waongo, Profesa," nikadakia. Damu ilinichemka. Watu wanajenga nyumba juu ya migodi ile.

"Wewe juzi tu umemaliza chuo, leo unanifundisha kazi?"

"Mwache, ana njaa," Radka akasema. "Lakini baba yangu alikuwa anapima gesi mgodini, na hakuwahi kuandika namba ya kumfurahisha bosi. Nataka mashine, nirudie jaribio."

"Foleni ya mashine imejaa mpaka kesho."

"Kazi yako iko mbele ya foleni. Niachie nafasi."

Kubát akainamia kompyuta ya Radka, akaiondoa kazi yake mwenyewe kwenye foleni.

"Ikitoka mara moja na robo, usije kunililia."

"Nitalia nyumbani, Profesa. Huko kuna bia."

Ilitoka karibu mara mbili. Radka alichora upya kila mchoro, akafuta "mara tisa" kwenye kichwa cha makala, akaituma wakati supu ya vitunguu saumu ikipoa mezani.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Nimemshinda mtu mwenye miguu yake miwili. Wakiikataa, nitaipeleka kwingine. Kula."

Majibu huchukua miezi. Lakini kesho yake asubuhi, nilipopita koridoni, niliona msumari mtupu ukutani. Ndani, Profesa Kubát alikuwa amesimama mbele ya meza ya Radka, koti bado mwilini, fremu yake kwapani.

"Huyu mpinzani wangu," akasema, "sikumbuki nilimwandaaje. Mfungue miguu, tuone."

Radka alivuta kiti cha pili, akakipangusa makombo.

"Kaa, Profesa," akamwambia. "Foleni ni ndefu."