Besi Iliyopakwa Mafuta

Gitaa langu la besi liliwekwa wakfu kanisani Buswelu kabla vidole vyangu havijalizoea, na mimi sikuulizwa. Nilichokosea ni kulipeleka pale. Sikuwa na amplifaya, na besi ya umeme bila amplifaya unaisikia kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Nyumbani kwetu Kirumba nilikuwa nakandamiza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo ili mbao zitetemeke, nipate angalau kuzihisi noti za chini. Mama alikuwa akipita na kuuliza kama nalipigia kabati au kabati linanipigia mimi. Kanisani kulikuwa na spika mbili kubwa. Nikaona Jumapili hiyo niwahi, nichomeke waya kabla watu hawajajaa, nisikie nilichonunua.

Lazima nieleze kwa nini mtu kama mimi alikuwa mpiga besi wa kanisa. Nilirudi Mwanza kutoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia, pamoja na tabia ya kuuliza maswali ambayo mama anaiita ugonjwa wa Dar. Kazi ya shahada haikupatikana. Nikawa nafundisha tuisheni, huku nikitafuta mahali pa kupiga. Baa za mjini sasa zina DJ. Sendofu za kuwaaga mabibi harusi, na harusi zenyewe, zinamkodi mtu mmoja mwenye kinanda, na ndani ya hicho kinanda kuna dramu, tarumbeta na besi, vyote havili na havichelewi. Waliobaki kumtaka mtu halisi asimame na nyuzi nne ni makanisa. Mpiga besi wa Buswelu alikuwa ameoa akahamia Geita, na mama, ambaye anaimba sauti ya pili kwenye kwaya, akanitaja. Mchungaji alijua sijaokoka. Alisema nianze kupiga, mengine Bwana atayashughulikia.

Nilipiga gitaa la kanisa. Lilifungiwa ofisini, na halikuruhusiwa kutoka nje ya uzio kwa sababu liliwekwa wakfu: liliombewa, likapakwa mafuta, likawa la madhabahuni. Chombo cha namna hiyo hakipigi nyimbo za dunia. Niliwahi kumuuliza mpiga kinanda kama uzi wa besi unajua unapiga wimbo gani. Akaniambia nirekebishe sauti ya spika, tuendelee na mazoezi.

Kisha ikaja habari ya hoteli. Kuna hoteli ya ufukweni ambayo kila Jumamosi mchana bendi inapiga muziki wa dansi wageni wakila. Mpiga besi wao alikuwa amekwenda Dar, na kiongozi wa bendi, mzee anayepiga gitaa la solo huku miwani imening'inia puani, alikuwa amenisikia kwenye studio moja nikirekodi na kwaya kwa gitaa la studio. Akanipigia simu. Alitaka kitu kimoja tu: nije na gitaa langu, maana hoteli haina na yeye haazimishi.

Nilikwenda Misungwi kwa mkulima mmoja wa mpunga ambaye zamani alikuwa na bendi. Bendi ilikufa, gitaa likabaki limefungwa kwenye kanga juu ya dari. Lilikuwa zito, rangi ya kahawia, shingo imechakaa pale alipozoea kuweka dole gumba. Nikalinunua kwa akiba ya tuisheni. Siku ya kwanza hotelini ingekuwa Jumamosi inayofuata. Kwangu haikuwa kazi ya ziada. Kanisani besi inafuata kwaya popote inapokwenda. Kwenye dansi wote wanaikalia besi. Nilitaka kujua kama mimi ni mwanamuziki au ni mtu anayejaza nafasi ya aliyehamia Geita.

Basi Jumapili ile nikachomeka waya. Sauti ikatoka nene na ya zamani, madirisha ya upande wa pili yakalia. Nilisahau niko wapi. Nilipoinua kichwa, watu walikuwa wameshaanza kukaa na mchungaji alikuwa amesimama mbele yangu, anatabasamu.

Katikati ya ibada akaniita. "Leo tuna chombo kipya," akawaambia watu. "Kilete hapa, ndugu."

Nikakipeleka. Ningefanya nini? Kanisa zima linakutazama, mpiga dramu anakusukuma mgongoni. Mchungaji akauliza, kwa ile sauti ambayo kwa kawaida haisubiri jibu la kweli, "Chombo hiki ni cha nani?"

Nilifungua mdomo kusema ni changu. Sauti ya mama ikanitangulia kutoka kwenye kwaya: "Cha Bwana."

Watu wakaitikia amina. Mafuta yakapakwa kwenye mbao, mengine yakaingia kwenye nyuzi. Nilimtazama mama. Alikuwa analia huku anacheka, mikono juu, sare yake ya zambarau imepanda mabegani. Tangu niende chuo sikuwa nimemwona na uso ule.

Siku zilizofuata sikutulia. Nilifuta mafuta kwenye nyuzi kwa kitambaa, nikajiuliza kama nafuta mafuta au nafuta kitu kingine, kisha nikajicheka. Nilikuwa nikitembea kutoka nyumbani hadi uwanja wa mpira na kurudi bila shughuli. Nilijua hoja zangu zote. Gitaa ni mbao na sumaku. Viti vya plastiki vya kanisa vinakodishwa kwenye harusi zenye bia, na jenereta la kanisa limewasha taa za kumbi ambazo mchungaji mwenyewe asingeingia. Kama hayo ni sawa, kwa nini gitaa langu lisiende hotelini? Lakini kila hoja iliishia kwenye uso wa mama. Kupiga hotelini kimya kimya kulikuwa kumwibia ule uso. Kukataa hoteli kulikuwa kuukubali kwa uongo.

Nikamfuata mchungaji. Nilimkuta kwenye jengo jipya la kanisa, amekunja suruali, anamwagilia matofali kwa mpira wa maji.

"Bwana asifiwe, mchungaji."

"Amina, mpiga besi. Vuta huo mpira, umejikunja."

Nikauvuta. Nikauliza, "Kitu kikishawekwa wakfu, kinaweza kuondolewa?"

"Kuondolewa kwenda wapi?"

"Kurudi kuwa kitu cha kawaida."

Akacheka. "Ibada ya hivyo sikufundishwa. Umekwama wapi?"

"Nataka kupiga hotelini na lile gitaa. Jumamosi mchana. Watu wanakula samaki."

"Na wanakunywa nini?"

"Wanachotaka." Nikaona bora niendelee. "Viti vya kanisa vinakwenda kwenye harusi zenye pombe, mchungaji. Na jenereta."

"Viti havisifu."

"Na gitaa linasifu? Si anasifu mtu?"

Akafunga bomba. Maji yaliendelea kuchuruzika kwenye matofali. "Nikuulize na mimi, maana wewe unapenda maswali. Unaamini lile gitaa liliwekwa wakfu, au lilipakwa mafuta tu?"

Nilielewa nimejiingiza wapi. Nikisema ni mafuta tu, basi sina ninachomwomba, na sina ninachofanya madhabahuni kila Jumapili. Nikisema liliwekwa wakfu, hoteli imekwisha. Miaka ya chuo nilifundishwa kuwabana watu kwenye kona za namna hiyo. Sikufundishwa kukaa ndani yake.

"Sijui," nikasema.

"Hujui."

"Ndiyo ukweli wangu wa leo."

Hakukasirika. "Basi sikukatazi, na sikuruhusu. Na tena si mimi niliyesema ni cha Bwana. Mimi niliuliza. Aliyejibu unamjua, na hujaenda kwake ndiyo maana uko hapa."

Akafungua bomba tena.

Mama anauza dagaa soko la Mwaloni. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, anachekecha dagaa kutoa mchanga, na pembeni yake rafiki yake, jirani wa biashara ambaye nimemwamkia tangu nikiwa mdogo.

"Shikamooni."

"Marahaba, msomi," rafiki akawahi. "Leo bila gitaa? Nasikia lenyewe limeokoka, bado mwenyewe."

Wanawake wa meza ya jirani wakacheka. Mama akauma midomo asicheke. "Umekula?" akaniuliza.

"Bado. Mama, Jumamosi naenda kupiga hotelini. Na lile gitaa."

Ungo haukusimama. "Lile lipi?"

"Ninalo moja."

"Hilo moja nililiona likipakwa mafuta."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Ulikuwa umesimama pale, baba. Una mdomo. Kwenye mambo mengine yote una mdomo."

"Nilikuwa nataka kujibu. Ukajibu wewe."

"Nilijibu kwa sababu ulichelewa."

Rafiki yake alijifanya anapanga magunia. Mama akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Siku ile nilidhani umerudi," akasema.

"Nilirudi zamani, mama. Nalala chumba cha pili."

"Unajua ninachosema."

Nilijua. Nikamweleza kuhusu dansi, jinsi besi inavyobeba wenzake, jinsi ninavyotaka kujua kama naweza. Nilisema mengi. Mwisho nikasema, "Ningeweza kukwambia naenda mazoezini."

"Ungesema hivyo, ningejua kabla jua halijazama. Mwanza hii?"

"Mimi mwenyewe ningemletea habari," rafiki akasema bila kugeuka.

"Basi nimekuja kukwambia."

"Umekuja kuniambia au umekuja kuniomba?"

"Kukwambia," nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mtu anayeomba.

Akachukua ungo tena. "Nenda. Ila Jumapili usipande pale mbele yangu. Sitaweza kuimba huku nakuangalia."

"Mchungaji hajanikataza."

"Mchungaji hakukuzaa."

Nilisimama nikingojea aongeze, anikaripie, anipe kitu cha kubishana nacho. Aliendelea kuchekecha. Rafiki akafunga dagaa wa kukaanga kwenye karatasi, akaniwekea mkononi, akaniambia nisisimame njiani, wateja wanapita.

Jumamosi nilifika hotelini mapema mno. Meza zilikuwa zinatandikwa, upepo wa ziwa unainua vitambaa, mhudumu anavibana kwa vibanio. Mzee wa solo alilishika gitaa langu, akaligeuza, akanusa.

"Hili linanukia kama kanisa."

"Ni mafuta, mzee."

"Mradi hayako kwenye shingo. Tuanze na wimbo wa taratibu."

Nilianza kwa nguvu. Nilikuwa na mengi ya kuthibitisha na nikayamimina yote kwenye wimbo wa kwanza, nikijaza kila nafasi. Mzee akanisogelea katikati ya wimbo, bila kuacha kupiga. "Kijana, punguza. Besi si mhubiri. Sema moja, nyamaza, tusikie."

Nikapunguza. Wimbo wa tatu, au wa nne, mguu wa mpiga dramu na kidole changu vikaanza kutua pamoja bila mimi kuvitafuta. Gitaa la rithimu likakaa juu yetu, la solo likakaa juu ya rithimu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua miiba ya sato alianza kutikisa bega bila kujua. Niliona bega lile nikajua ni mimi ninayelitikisa. Nilikuwa nimengojea nihisi hatia, nikaitafuta kwa makini kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi. Haikuwepo. Wala sikuhisi kuwa huru, jinsi nilivyotegemea. Nilikuwa na kazi, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Tulipomaliza, mzee alikunja waya wake, akasema Jumamosi ijayo niwahi tupitie nyimbo mbili mpya. Hakusema zaidi ya hapo. Nilikuwa nimechukuliwa. Nikasimama ukingoni mwa maji na gitaa mgongoni, nikitaka kumpigia mtu simu, na mtu niliyetaka kumpigia alikuwa mama.

Jumapili asubuhi alipiga pasi sare yake. Hakuuliza hoteli ilikuwaje. Nikavaa shati, nikatoka naye bila kubeba kitu. Njiani alizungumzia bei ya chumvi. Tulipofika Buswelu akaenda upande wa kwaya, mimi nikaketi kwenye benchi la nyuma, karibu na mzee mmoja wa kanisa ambaye alinipa mkono na kunisogezea nafasi, kana kwamba nilikaa hapo kila wiki.

Kwaya iliimba bila besi. Mpiga kinanda alijaribu kuifanya kazi yangu kwa mkono wake wa kushoto, na wimbo wa kwanza ukapita. Wimbo wa pili una mahali ambapo sauti zote zinaacha na besi peke yake inashuka ngazi, ndipo sauti ya pili inapoingia. Mkono wa kushoto ulichelewa. Kwaya ikasita. Nilimwona mama akigeuza kichwa upande wa kulia, pale ninaposimama siku zote, akakuta dramu tu. Akafumba macho, akaingia mwenyewe, chini kidogo ya noti, na wenzake wakamfuata.

Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza. Vilikuwa vikishuka ile ngazi kwenye goti la suruali, vikirudi juu, vikishuka tena, na mguu unatikisa benchi zima. Yule mzee aliinama karibu na sikio langu, nadhani alifikiri naguswa na Roho.

"Tulia, mwanangu," akasema, akaniwekea mkono juu ya goti.

Nilijaribu kutulia. Sikuweza.