Du, Spanieli Mweusi wa Naig

Naig Kerdraon alikuwa mpole mpaka pale ulipowagusa mbwa wake. Aliwarithi kwa mama mkwe wake kama wengine wanavyorithi shamba: spanieli halisi wa Bretania, magharibi mwa Ufaransa, mbwa wa kuwindia ndege, wafupi, wepesi, weupe wenye mabaka ya rangi ya chungwa, na mkia wa kuzaliwa usiozidi kidole. Spanieli wa Pikardia, kule kaskazini, ni warefu na mkia wao unapendeza, sikatai. Wapeleke basi kwenye miiba ya Bretania uone. Wakitoka humo mkia mzima ni damu.

Mwaka ule jike wa mwisho wa ukoo alikufa akizaa, akaacha mtoto mmoja tu, dume. Mweupe, na mabaka yake meusi tii.

"Mtupe bwawani, shemeji," alisema Jobig, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa na bunduki. "Mweusi haonekani msituni. Iko siku nitampiga yeye nikidhani ndege."

"Macho ni yako, Jobig. Usimsingizie mbwa."

Naig akamlea kwa maziwa ya ng'ombe, akamwita Du, yaani Mweusi kwa lugha ya kwao, bila kuficha.

Novemba, ndege wa midomo mirefu waliposhuka kutoka kaskazini, Jobig alikubali kumjaribu mara moja tu. Du akishindwa, hampeleki tena mbwa wa Naig porini, na ukoo umekwisha, maana nani angempa jike wake mbwa asiyewinda? Naig akamfunga Du kengele shingoni, akavaa viatu vyake vya mti, akafuatana nao.

Kengele ililia ndani ya miiba, ikalia, kisha ikanyamaza. Kwa wawindaji kimya hicho ni furaha: mbwa amesimama mbele ya ndege. Lakini kimya kilizidi. Jobig akapiga mluzi, akapiga tena. Wapi!

"Kengele imedondoka. Hicho kitoto chako kiko nyumbani kinakula chapati zako za ngano nyeusi."

"Hebu nyamaza na wewe kama kengele."

Naig akaingia mwenyewe, miiba ikimvuta sketi, mpaka pale aliposikia mlio wa mwisho. Du alikuwepo. Mguu mmoja juu, pua tu ikitetemeka. Mbele yake, katikati ya majani makavu, jicho la ndege linang'aa.

"Shemeji," akanong'ona Naig, "njoo umwone asiyeonekana."

Jobig akaja. Ndege akaruka. Bunduki ikalia mara mbili, na ndege akaenda zake salama. Du akageuza kichwa taratibu, akamtazama Jobig.

"Mwanga mbaya," alisema Jobig.

"Kwani ndege naye mweusi?"

Masika, jike wa jirani alipomzalia Du watoto, Jobig alikuja kofia mkononi na chupa ya mvinyo wa matofaa, akiomba mmoja mweusi. Naig alikunywa mvinyo, kisha akamchagulia mwenye mabaka ya chungwa, anayeonekana toka ng'ambo ya bonde.

"Kwa macho yako, shemeji," alimwambia, "huyu ndiye wako. Weusi nabaki nao mimi."