Dusabimana wa Njia ya Mfereji

Zamani njia ya mfereji ilikuwa ya watu waliobeba mizigo. Baadaye ikawa ya watu waliozunguka na baiskeli tupu ili waone milima.

Mfereji wenyewe ulichimbwa na babu zetu wakati wa mashamba ya pareto. Waliuzungusha kwenye ubavu wa kilima, juu ya Mushaki, ili upeleke maji kwenye kinu. Kinu kimebaki kuta tu, lakini maji yalikuwa bado yanapita, kwa sababu tulikuwa tunatoka kwa salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, tukiondoa matope na majani. Kando ya maji kuna kijia chembamba ambako gari halijawahi kufika. Pikipiki zilipoanza kubomoa ukingo, tulisimika magogo mawili mwanzoni mwa njia, yakiwa yamekaribiana. Baiskeli hupita ukigeuza usukani na kuinua gurudumu la mbele. Pikipiki hubaki nje.

Kwenye njia hiyo Dusabimana alimalizia ujana wake, na mimi wangu. Alikuja kwangu akiwa kijana mwenye miguu myembamba, babake amekufa, akaniomba nimfundishe kubeba jibini kutoka malishoni hadi soko la Sake. Nilimfundisha kufunga mzigo kwa mpira wa gurudumu la zamani. Nilimfundisha pia sheria ya mfereji, ambayo hakuna aliyeiandika na kila mtu aliijua: wawili wakikutana, mwenye baiskeli tupu anashuka ndani ya maji pamoja na baiskeli yake, na mwenye mzigo anapita bila kugusa breki. Baiskeli nzito ikisimama kwenye ukingo ule, inaanguka. Niliwahi kumwona chifu wa kijiji akishuka majini na viatu vyake ili kumpisha mwanamke mwenye viazi.

Mimi nilikuwa na nguvu kumzidi Dusabimana. Baiskeli yangu ilikuwa bora, na jibini langu halikuwahi kufika limepasuka. Yake ilikuwa na bati la kopo la mafuta juu ya gurudumu, na ilipiga kelele kama mlango mbovu. Hata hivyo, nilipopita mbele ya nyumba za watu na mzigo wangu uliofungwa vizuri, walikuwa wananiuliza, "Papa Kanyamibwa, Dusabimana iko nyuma?" Miaka yote waliniuliza hivyo. Yeye alisimama kila mahali. Alibeba dawa za wazee, alibeba salamu, alibeba kuku aliyesahauliwa na mtu. Mkewe alipofariki kule kambini wakati wa vita, niliona jinsi watu walivyolia pamoja naye, nikajiuliza kama wangelia hivyo kwangu. Nilimwonea wivu hata msibani. Bado ninamwonea.

Katikati ya njia, pale kwenye mlango wa mbao unaopunguza maji, alikaa Murekatete, mjane, akiuza chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Nilitaka awe mke wangu. Sikuwa nimemwambia. Kila Jumapili baada ya misa nilikaa kwenye benchi lake, nikamweleza jinsi pareto ilivyokaushwa, jinsi vijana walivyoacha salongo, na mambo niliyokuwa nimejisomea katika magazeti ya zamani. Alinisikiliza huku akimenya viazi.

Siku moja alisema, "Papa Kanyamibwa, weye kila siku unaniletea bafu tu, batu balikufa zamani. Hakuna muntu muzima unayemujua?"

"Bazima hawana habari," nilimjibu.

"Dusabimana anakuwaka nazo."

Ndipo wakaja wageni. Walikuwa watu wa Goma, chama cha wapanda baiskeli, wakiongozwa na mwalimu mmoja aitwaye Bénédicte. Walikuwa wanatafuta njia zisizo na magari ili watembee siku nzima, walale kwenye hema, na kesho yake waendelee. Walikuta magogo yetu wakafurahi kana kwamba tuliyaweka kwa ajili yao. Walihitaji mtu wa kuwaongoza. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la Murekatete, na njia ile niliijua kabla Dusabimana hajaota ndevu. Lakini Murekatete aliwaambia, "Mungojee Dusabimana." Wakamngojea.

Walirudi mara nyingi. Siku moja walikuwa wanakuja kwa mstari, baiskeli zote tupu, Dusabimana mbele. Upande wa pili akatokea Rukundo, mbebaji mwenzetu, na mzigo wa jibini. Dusabimana akamwinulia mkono asimame. Rukundo akagusa breki, akayumba, na jibini likaviringika hadi miguuni pa Murekatete.

Niliinuka kwenye benchi. "Dusabimana, sheria ya mufereji njo umeisahau? Mwenye kinga bule, baiskeli tupu, anashuka mu maji."

"Mukubwa wangu, bageni baiko na viatu vya bei."

"Na chifu alikuwa na viatu vya nini?"

Aliona haya, na mimi nilifurahi, kwa kuwa Murekatete alikuwa anatazama. Lakini yule Bénédicte akauliza tulikuwa tunagombania nini. Dusabimana akamweleza sheria yote, polepole, kwa sauti yake ile ya kucheka, na hata habari ya chifu aliisimulia vizuri kuliko mimi. Bénédicte akaingia kwenye mfereji na baiskeli yake. Wengine wakamfuata, wakipiga kelele kwa baridi na kupigana picha. Rukundo akapita juu yao na jibini lake kama waziri. Tangu siku hiyo wageni walishuka majini hata mbele ya mbuzi aliyebeba kengele, wakiita hiyo sheria ya Papa Dusabimana. Murekatete alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Kwenye benchi langu hakuwahi kucheka hivyo.

Walimpa Dusabimana kofia ngumu nyekundu. Alikuja nayo kichwani akinywa chai.

Murekatete alimuuliza, "Bale bageni banasema ziwa linaonekana kule kwa magogo. Ni kweli?"

"Linaonekana lote," alisema Dusabimana.

"Na miye ninakaa hapa miaka yote, sijaliona."

Mimi nilikuwa nimeliona ziwa hilo kila safari, chini kabisa, upande wa Sake, likiwaka kama bati jipya. Kwenye chuma cha nyuma cha baiskeli yangu kulikuwa na jibini siku zote.

"Ziwa ni maji," nilisema. "Maji si ndiyo haya hapa?"

Murekatete alimgeukia yeye. "Jumapili nitafunga mapema."

Niliamua kumwambia kabla ya hapo. Jumapili nilisali misa ya kwanza, nikavaa koti langu na viatu vyeusi, nikaweka mafuta kwenye mnyororo. Maneno niliyapanga kichwani, machache, bila habari za pareto. Nilipita kati ya magogo nikawahi kuelekea kwenye mlango wa mbao.

Siku chache baadaye mapigano yalifika hadi kwetu, na kila mtu alikimbia kwa upande wake. Nasikia hao wawili wako Kibua, upande wa Walikale, kwa binti wa Murekatete, na kwamba Dusabimana anabeba mihogo kwenye njia za msituni na watu wa huko tayari wanauliza kama amepita. Mimi sikuwaona tena. Mara ya mwisho niliwaona Jumapili hiyo.

Nilisikia kwanza lile bati lake. Wakatokea kwenye kona, Dusabimana akikanyaga kwa nguvu, na Murekatete nyuma yake, amekaa upande, kofia nyekundu kichwani mwake. Dusabimana aliponiona alianza kupunguza mwendo.

"Papa Kanyamibwa," Murekatete aliita, "pita weye, tutakungojea. Uko na viatu vya misa."

Nilitazama nyuma ya baiskeli yangu. Hapakuwa na kitu.

"Usiguse breki," nilimwambia Dusabimana. "Weye njo uko na muzigo."

"Muzigo njo miye?" Murekatete aliuliza, akicheka.

Nilishuka majini na baiskeli yangu. Maji yalinifika magotini. Walipita juu yangu, karibu sana, na ncha ya kitenge chake ikagusa usukani wangu. Dusabimana aliniinamishia kichwa kama tulivyokuwa tukifanya zamani kwa aliyetupisha. Murekatete hakugeuka, alikuwa amenyoosha shingo kutazama mbele, ambako njia inafunguka na ziwa linaonekana.