Diski ya Mwisho ya Mama Muuza Tofu

Mama anayeuza tofu, vile vipande laini vya soya vinavyohifadhiwa majini, mtaani kwetu Morioka, Japani, hukodi dukani kwangu katuni ya vijana wa sekondari wanaocheza mpira wa wavu, diski moja moja. Huirudisha ndani ya kitambaa kilekile cha zambarau, na vidole vyake, vyekundu kwa maji baridi, hulifungua fundo taratibu, kama mtu anayeogopa tofu isimvunjikie. Kisha huniripotia. "Kudo, yule mfupi jana karuka, karuka mpaka nikamwaga chai." Mechi ikiisha huinamia televisheni na kuwaambia wachezaji, "Poleni na kazi." Mumewe akimcheka humjibu, "Kwani wewe ukirudi huambiwi?"

Juzi aliishika diski ya mwisho bila kuifunga kitambaani. "Nahodha yuko mwaka wa tatu, wa mwisho shuleni," alisema. "Wakitolewa ndiyo basi, hachezi tena na wenzake. Wanatolewa?" Nikajifanya natafuta risiti.

Leo kairudisha, fundo limekazwa hata kucha hazipenyi. Nikamuuliza, "Vipi, mama?"

"Nimeizima wakiwa bado wanaongoza," alisema, akihangaika na fundo. "Na wewe, Kudo, usije ukaniambia."